Nyumba ya Kinyonga

Jumatatu, 4 Agosti
Mshonaji wa mlango wa pili kaniachia kinyonga wake! Anakwenda kumuuguza shangazi yake, anarudi Jumamosi. Kasema amkute mzima. Kanichagua mimi, si Kinyozi mwenye maneno matamu. Nilitaka kusema ahsante, nikakohoa. Nimemweka kwenye tangi la samaki la shemeji, dirishani, juani. Kioo kitupu! Kama mfalme. Nimelala chali namwona Mshonaji kakaa hapa, anatabasamu, jua liko kwenye nywele zake.

Jumanne, 5 Agosti
Kinyonga kawa mweusi, mdomo wazi. Kinyozi kachungulia, kauliza, bwana mdogo, unamfuga au unamchemsha? Wakacheka mpaka wapita njia. Nilikuwa na jibu kali sana. Limenijia sasa hivi, yeye kashaondoka. Dada kasema kioo hakipitishi hewa, hata mimi ningefungiwa humo ningeachama.

Jumatano, 6 Agosti
Nimeshona kizimba cha chandarua. Hewa tele! Tele mno. Kiangazi hiki taulo inakauka ungali unaitundika. Macho ya kinyonga yamezama kama ya mtu mwenye homa. Nikamwekea bakuli la maji. Kalikanyaga, kapita. Nikamwonyesha kwa kidole. Nikalamba mwenyewe ili aige. Dada alikuwa mlangoni. Kauliza kama na nzi nitakula.

Alhamisi, 7 Agosti
Akili hiyo! Nimekwenda naye kazini, kwa dobi, nikamtundika juu ya meza ya pasi. Mvuke ukapanda, naye polepole akawa kijani, kijani cha jani jipya. Mvuke ukawa mawingu. Mimi na Mshonaji tunatembea juu ya mawingu hayo. Halafu harufu ya kuungua. Koti jeupe la Kinyozi! Alama ya pasi mgongoni. Bosi kasema nichague, kazi au mjusi. Nikamwambia si mjusi. Kanifukuza hadi Jumatatu.

Ijumaa, 8 Agosti
Bila mvuke, kinyonga hata kutambaa hawezi. Dada kachoka kunitazama, kashika mkasi mwenyewe. Pande tatu za chandarua kazifunika nailoni, unyevu usitoroke. Mbele na juu kaacha wazi, hewa ipite. Ndani mmea wa kwenye chungu. Juu chupa yenye tundu dogo, maji yadondokee majani. Kasema maji yaliyotulia kinyonga hayaoni, anaona yanayodondoka. Tone likaning'inia, likameremeta. Ulimi ukatoka! Kanywa. Kanywa tena. Nimekaa naye mchana kutwa, sikumbuki kama nilikula.

Jumamosi, 9 Agosti
Mshonaji karudi. Kamwona mzima, kapiga makofi, kauliza nani kanifundisha. Nikaangalia miguu yangu. Kasema kesho niende kwake nimjengee banda kama hilihili, tutakunywa chai. Kwake! Chai!

Lakini nimefikiri. Kama hilihili? La nailoni na viraka? Mtu haendi kwa watu na viraka. Nimepata bati zuri, linang'aa kama mto. Nitaziba pande zote, upepo mkavu usipenye hata kidogo, niliweke uani kwake, juani, lionekane hadi kwa Kinyozi. Matundu nitatoboa nikipata msumari.

Nimemwonyesha kinyonga hilo bati. Jicho moja likanitazama. La pili likaanza kutafuta mlango.