Sauti ya Mkubwa Haikatizwi

Asubuhi moja watumishi wote wa umma walitangaziwa, kwa herufi kubwa na mhuri mwekundu, kwamba tatizo sugu la kutosikilizana kazini limepatiwa ufumbuzi wa kudumu.

Ufumbuzi wenyewe ulikuwa kozi ya mtandaoni, na kozi yenyewe ilikuwa sauti ya Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Usikivu. Alikuwa ameirekodi slaidi baada ya slaidi, amevaa tai na kuchana nywele ingawa hakuna aliyemwona, maana aliamini sauti ya mtu aliyevaa ovyo hujulikana.

Lilibaki jambo moja dogo la kiufundi. Bi Mitambo, aliyeitengeneza kozi, alilileta kikaoni.

"Mheshimiwa, mtu akishasikiliza slaidi, kisha akarudi nyuma kuangalia kitu, sauti ifanyeje? Ianze upya, au inyamaze mpaka aiwashe mwenyewe?"

Mhasibu Mkuu alipendekeza inyamaze, ili watu wasome kwa utulivu. Mkurugenzi alimtazama mpaka Mhasibu akabadili msimamo na kuomba maji ya kunywa.

"Nikiingia chumba nilichokwisha kuingia jana," Mkurugenzi akauliza, "nyinyi hamsimami?"

"Tunasimama, mheshimiwa."

"Hamsemi, huyu tulishamsimamia jana?"

"Hatuthubutu."

"Basi."

Ikaazimiwa kwamba sauti ianze upya kila mtumishi arudipo, tangu salamu. Kitufe cha kusitisha kikaondolewa, kwa kuwa kumsitisha mkubwa ni utovu wa nidhamu. Cha kupunguza sauti nacho kikaenda na maji. Kitufe cha Endelea kisingefunguka kabla Mkurugenzi hajamaliza, anayefunga kozi katikati angeanza moja, na asiyemaliza kozi asingehudhuria kikao chochote, maana mtu asiyejua kusikiliza anakwenda kikaoni kufanya nini?

Kozi ikaanza, na serikali ikasimama. Madirishani watu walijipanga foleni wakisalimiwa na kompyuta.

Mke wa Mkurugenzi alikuwa mkunga, mtumishi wa umma kama wengine. Kila alipofika kwenye slaidi ya subira, mama mmoja wodini alishikwa na uchungu. Mkunga akatupa kiti, akakimbia, akapokea mtoto, akanawa mikono. Aliporudi alikuta kozi imejifunga, naye akaanza tena: "Ndugu mtumishi, habari za wakati huu?" Siku hiyo watoto walikuja kama waliopigiwa filimbi. Mzazi mmoja, katikati ya kusukuma, alitaka kujua huyo mwanamume anayepiga domo leba ni nani, na kwa nini hatolewi nje. Mkunga hakusema kwamba ni mumewe.

Jioni, mezani, Mkurugenzi alikohoa kidogo. "Mama watoto, nina habari."

"Baba watoto, leo nimekusikiliza tangu asubuhi. Kula."

"Lakini nilikuwa ofisini tangu asubuhi."

"Ungekuwa hapa ningekutoroka."

Mkurugenzi alifurahi sana. Kozi ilikuwa inafanya kazi.

Habari aliyotaka kuisema ilikuwa kubwa. Waziri alikuwa anatafuta Katibu Mkuu mpya, na jina lake lilikuwa juu kabisa. Kesho yake msaidizi wa Waziri akampigia simu.

"Mama Waziri atakupigia mchana huu kukupa hicho cheo. Ila mfumo unaonyesha hujamaliza kozi ya usikivu."

"Kozi ni mimi!"

"Mfumo haukutambui, mheshimiwa. Maliza tu."

Mkurugenzi akafunga mlango, akaketi, akabonyeza. Mwanzoni alijisikiliza kwa raha, akitikisa kichwa palipokuwa na busara. Kisha likaja swali: Usikivu una nguzo ngapi? Akajibu tano. Mfumo ukakataa. Akarudi kwenye slaidi kuhakiki, na sauti ikaanza tangu salamu, ikapita shukrani kwa viongozi, ikafika kwenye nguzo. Hapo akagundua jambo la kusikitisha: alikuwa ameitaja nguzo ya pili, akakohoa, akaitaja tena kwa jina jingine, kisha akahamia ya tano. Akajibu nne. Ukakataa. Akarudi tena. "Ndugu mtumishi, habari za wakati huu?"

"Mbaya!" akajibu Mkurugenzi, akampigia Bi Mitambo. "Zima hii sauti."

"Kubadilisha lazima kikao kiamue, mheshimiwa."

"Mimi ndiye mwenyekiti. Naitisha kikao sasa hivi."

"Sawa. Ila wewe huwezi kuhudhuria. Hujamaliza kozi."

Simu ya mezani ikalia. Alijua ni Waziri. Angeweza kuifunga kozi, lakini ingemrudisha mwanzo, na cheo hakimsubiri mtu. Akavua koti, akaifunika spika, akaona haitoshi, akaikalia. Kisha akainua simu.

"Mkurugenzi," Waziri akasema kwa uchangamfu, "nimekuwa nikifikiria kwamba wewe..."

"Tulia," ikasema sauti kutoka chini, nzito kama ya mtu aliyefungiwa kabatini. "Najua unatamani kusema. Usiseme."

"Unaniambia mimi?" akauliza Waziri.

"Hapana, mheshimiwa! Sithubutu!"

"Anayezungumza sasa," sauti ikaendelea, "ni mkubwa wako."

"Nani huyo?"

"Ni mimi, mheshimiwa. Yaani si mimi. Ni mimi wa mwezi uliopita."

"Na wewe wa leo unasemaje?"

Mkurugenzi akafungua kinywa. "Usimjibu mkubwa kwa haraka," sauti ikamshauri, naye, kwa mazoea ya asubuhi nzima, akanyamaza.

"Vizuri," Waziri akasema. "Nimewasikiliza wote wawili. Hakuna ninayemhitaji."

Simu ikakatwa. Mkurugenzi alibaki ameishika sikioni, huku chini yake sauti ikiendelea na shukrani kwa viongozi.

Mlango ukagongwa taratibu. Katibu muhtasi akachungulia.

"Umeniita, mheshimiwa?"

"Sijakuita."

"Nimesikia sauti yako."

Mkurugenzi akajikaza juu ya kiti.

"Si yangu," akasema.