Haki ya Kumkataa Refa

Inatangazwa kwa fahari kubwa kwamba Kaunti yetu ya Bluestem, hapa Texas, imekomesha malalamiko yote dhidi ya marefa wa mpira wa kikapu wa shule za sekondari. Ushindi huu ni wa Mheshimiwa Royce Kubena, Mpangaji Mkuu wa Marefa. Mimi ni Naibu wake, na asiyeuona ukubwa wa cheo hicho aendelee tu na usingizi wake.

Zamani tuliishi kishenzi. Mpangaji alichagua refa, refa akaenda, akapuliza filimbi, waliofungwa wakalia. Ndipo Mheshimiwa akaasisi Haki ya Kukataa: kocha asiyemtaka refa fulani anapiga simu, na refa huyo hakanyagi tena mechi za shule yake. Sababu haiulizwi. Makocha walifurahi hata wakawa wanatuletea ofisini kolache, vile vimkate vitamu vya Kicheki, zenye plamu. Ofisi haikuzikataa, kwa kuwa haki ya kukataa ilikuwa ya makocha peke yao.

Kocha Dub Satterwhite wa shule ya Cutler alimkataa refa mmoja kwa kuwa mke wa refa huyo alizaliwa Mlynek, mji wa wapinzani wao. Kocha Lonnie Marek wa Mlynek naye akamkataa mwingine aliyeonekana akinunua trekta Cutler. Wa tatu alikataliwa kwa kuimba kwaya kwa hisia nyingi mno kwenye kanisa la upande wa pili. Yote tuliyaridhia.

Refa Verna Janak alikataliwa na makocha hao wote wawili. Katika mechi moja alikuwa amempa kila kocha faulo ya utovu wa nidhamu, na zote mbili zilikuwa halali. Tangu Krismasi hakupangiwa mechi hata moja. Akaja ofisini.

"Royce, nataka kazi yangu. Hao makocha nimewachezesha tangu wana chunusi."

"Dada Verna, nani kakufukuza? Wewe uko katika kundi la walio tayari."

"Tayari kwa lipi?"

"Kwa ujumla."

"Usinizingue. Kosa langu nini?"

"Huna kosa," Mheshimiwa akamjibu kwa upole. "Huo ndio uzuri wa mfumo wetu. Hauhitaji kosa."

Kisha ikafika Ijumaa ya Mlynek na Cutler, mshindi kwenda mashindano ya jimbo. Mheshimiwa alikuwa amealikwa akae kiti cha mbele na kupewa ngao ya shukrani. Asubuhi hiyo tukagundua kwamba mfumo umefikia ukamilifu: hapakuwa na refa aliyebaki. Nikawapigia makocha. Kila mmoja akasema mtu pekee ambaye hana kinyongo naye ni Mheshimiwa Kubena. Hajawahi kupuliza filimbi, kwa hiyo hajawahi kukosea.

"Nimewapanga wapulizaji maisha yangu yote," akaniambia, huku akilisokomeza tumbo ndani ya jezi ya mistari. "Kupuliza kwenyewe ndiko kutanishinda?"

Akaingia uwanjani peke yake. Alipuliza kwanza mpira ukiwa tayari unatumbukia kikapuni, akazikataa zile pointi kwa maelezo kwamba zimemshtua. Akawaadhibu Mlynek, Marek akafoka. Akawaadhibu Cutler ili kusawazisha. Satterwhite akafoka zaidi. Akaziadhibu timu zote mbili kwa pamoja. Ukumbi ukawaka moto.

"We Royce, kanunue miwani!"

"Rudi ukachunge ng'ombe, mzee! Lakini nao watakukataa!"

Mama mmoja wa Mlynek na mwingine wa Cutler, ambao hawajasalimiana tangu wakiwa wasichana, walishikana mabega ili wamzomee vizuri.

Mapumziko yalipofika, makocha wote wawili walinijia mbio. "Tunamkataa!" wakasema kwa sauti moja. Mheshimiwa alikuwa ameshapanda ngazi za watazamaji, akitweta, hadi alipoketi Verna.

"Verna, dadangu, shuka uniokoe."

"Nimekataliwa, Royce. Wewe ndiye uliyeridhia."

"Nakuruhusu kwa leo."

"Ruhusa ya leo tu kaa nayo. Ifute hiyo haki yenu, pale kwenye kipaza sauti, kila mtu asikie. Nisikose tena mechi kwa sababu ya hasira za mtu."

"Makocha wataniua!"

Verna akageuza macho kuwatazama watu waliofurika ukumbini. "Na hawa?"

Tangazo la Ofisi lilitolewa na Mheshimiwa mwenyewe kwenye kipaza sauti: Haki ya Kukataa imefutwa, kuanzia sasa na daima. Verna akaipokea filimbi, akaifuta mate kwa makini, akaanzisha mchezo.

Mheshimiwa akajitupa kwenye kiti chake cha mbele, akapewa maji, akapewa na ngao. Hata hakuwa amemaliza maji. Verna aliita faulo, na Mheshimiwa akaruka juu kama aliyekalia siafu.

"Verna! Una macho wewe, au umeyasahau nyumbani?"

Filimbi ikalia. Kidole kikaelekea mlangoni.

"Wewe bwana wa mbele. Nje."

Nilimfuata hadi kwenye maegesho, kama inavyompasa Naibu. Baridi ya Februari ilikuwa kali, na ndani watu walikuwa wakishangilia kwa nguvu.

"Mfute Janak!" akanifokea. "Asichezeshe tena kaunti hii. Namkataa!"

"Haiwezekani, Mheshimiwa. Haki ya Kukataa haipo tena."

"Haipo kwa amri ya nani?"

Nikamtajia jina lake kamili, pamoja na cheo chake.