Mwenye Propu Asimame Chini

Kofia ngumu ya njano ni kitu cha ajabu. Mvishe mtu asiye na kazi, mpe na karatasi ya kukunja chini ya kwapa, mageti yatamfungukia na watu wazima watamwamkia. Injinia aliligundua hilo zamani. Uinjinia wenyewe hakuusomea popote. Alipewa na kofia.

Asubuhi hiyo alitoka kwa dada yake bila chai. Shemeji yake alikuwa amemwambia waziwazi kwamba kochi la sebuleni lilinunuliwa la kukaliwa, si la kulaliwa, na mwisho wa mwezi ukifika yeye bado yupo juu yake, vyote viwili vitatolewa nje. Akawa anatembea na hasira zake, anawaza chumba cha kupanga chenye mlango wake mwenyewe, mpaka akapita mbele ya ghorofa lililokuwa likijengwa. Kimya, hakuna fundi. Slabu, ile sakafu ya ghorofa ya juu, ilikuwa imeshamwagwa zege, na chini yake, kutoka ukuta hadi ukuta, zilisimama propu, zile nguzo za chuma zinazopandishwa na kushushwa kwa nati, zimebeba mabamba ya chuma yaliyoungwa kwa pini. Mpya kabisa, rangi bado inang'aa. Mali ya mtu, ndiyo. Lakini mtu mwenyewe yuko wapi?

Mlinzi alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, anachokonoa meno. Kwa unyonge mwingi alieleza kwamba zege limemwagwa wiki iliyopita tu, na mafundi wameenda kwenye kazi nyingine wakisubiri likomae. Yeye ni mtu mdogo, alisema, macho yake hayaoni vizuri, hasa akishanunuliwa soda. Injinia akamnunulia soda. Mlinzi akainywa yote, kisha akaongeza kwamba bosi akihitaji watu wa kufungua vyuma hivi, anawajua wazuri, wa haraka na wasio na maswali. Injinia nusura amkumbatie.

Mteja naye hakutafutwa mbali. Bwana Bati, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alikuwa akijenga ghorofa lake, na sifa yake mjini ilikuwa moja: akisikia bei ya chini, haulizi imeshukaje. Injinia akamwambia anahama nchi, anauza vyuma vyake kwa bei ya kutupa, zege lina mwezi mzima, limekuwa jiwe. Mwenye kutaka alete lori kesho. Bwana Bati alijua kabisa kwamba bei ile si ya mali halali. Alichouliza ni kimoja tu, kama lori litapita getini.

Kesho yake lori likapita. Kundi la mlinzi lilikuwa limeshafika na nyundo zao, likiongozwa na mwanamke mpana wa mabega waliyemwita Mama Nyundo. Bwana Bati akatoa mkoba mweusi uliojaa noti, Injinia akauvaa begani, na papo hapo akaanza kuchagua rangi ya mapazia ya chumba chake.

"Mwenye mali aje asimame hapa chini, katikati," Mama Nyundo akasema.

Injinia akacheka, akadhani ni utani. Haukuwa utani. Mama Nyundo akaeleza kwamba wao ndivyo wanavyofanya kazi: nati ya kwanza hailegezwi mpaka mwenye propu asimame chini ya slabu pamoja nao. Akiliamini zege lake, nao wataliamini. Asipoliamini, hawaoni kwa nini liangukie vichwa vya wengine.

Kofia ikaanza kumbana. Wiki moja! Alivyoamini, yeye peke yake, kati ya mnunuzi na wafunguaji, ndiye aliyejua kwamba lile jiwe la mwezi mzima lilikuwa la wiki iliyopita tu. Akasema jua ni kali, waje jioni. Bwana Bati akamtazama kwa jicho la kibiashara. Akaamini kuna mnunuzi mwingine aliyepanda dau, akaongeza pesa. Injinia akasema hapana, kwa kweli, waahirishe. Bwana Bati akaongeza tena, kwa uchungu. Maskini Injinia! Maisha yake yote hakuwahi kulipwa vizuri hivyo kwa kukaribia kusema ukweli. Mkoba ulikuwa haufungiki. Akalifikiria kochi, akamfikiria shemeji, akaingia chini ya slabu.

Mama Nyundo akaigonga nati.

Sasa, bamba la chuma likiachana na zege hulia. Hata zege liwe gumu namna gani, lazima lipige mlio mmoja wa kupasua roho, na aliyewahi kumiliki bamba hata moja anaujua. Injinia hakuwahi. Aliposikia ule mlio juu ya utosi wake, alipiga ukelele uliofika barabarani: si zake, zege lina wiki moja, humu ndani yeye hana hata msumari. Mkanda wa mkoba ukanasa kwenye mshikio wa nati. Akauvua kama anayevua shati lenye nyuki, akatoka mbio.

Mlinzi akapuliza filimbi. Bwana Bati, kusikia filimbi, akarukia lori na kutokomea; kuudai mkoba kungemlazimu aeleze alikuwa ananunua nini. Mama Nyundo akaikaza ile nati, akaikagua, akaridhika.

Jua lilipopungua, Injinia akarudi, akagonga geti kwa adabu. Kidirisha kikafunguliwa.

"Mzee wangu, nimesahau mkoba."

"Mkoba wa nani, bosi?"

"Wangu mimi. Mweusi. Umenasa kwenye propu."

Mlinzi akamtazama kwa macho yasiyo na ubovu wowote. "Lakini bosi, si wewe uliyesema mbele ya watu wote kwamba humu ndani huna hata msumari?"

Ndani ya ua, sauti ya Mama Nyundo ikaita.

"Baba watoto, njoo ule. Huyo mwambie aje tena tukimwaga ghorofa ya pili."

Mlinzi akamtakia jioni njema, akafunga kidirisha.