Helmeti ya Mjomba

Jumatatu, 7 Oktoba
Mkaguzi anakuja Alhamisi! Ofisi ya Viwango imepiga simu asubuhi, kifungua kinywa kikiwa bado mdomoni. Nikipata alama ya taifa, helmeti zangu zitaingia madukani mji mzima wa Madurai. Nikikosa, karakana inafungwa. Helmeti ya skuta bila alama haiuzwi, ndiyo sheria. Mimi huuza kando ya barabara, jicho moja kwa mteja, jingine kwa polisi. Ng'ambo ya pili shemeji yangu Ekambaram, kaka wa mke wangu na fundi wa helmeti kama mimi, ameichora alama yake juu ya mlango, kubwa kuliko mlango wenyewe. Naichukia kila nikifungua dirisha.

Tatizo ni mashine. Wanataka kila karakana iwe na yake ya kupimia. Kichwa cha chuma kinavalishwa helmeti, kinapandishwa juu, kinaachiwa kianguke. Mimi sina. Shemeji anayo.

Jumanne, 8 Oktoba
Nimemtuma mke wangu Valli kwa kaka yake. Huyo hawezi kumnyima dada yake kitu, ndio udhaifu wake. Mashine ikaja kwa mkokoteni. Ekambaram akapaza sauti toka ng'ambo, mtaa mzima usikie: "Shemeji, leo umeazima mashine. Helmeti za kupima utaziazima kwa nani?" Wafanyakazi wakacheka. Wafanyakazi wangu!

Anaitaka irudi Alhamisi jioni. Ijumaa ni Ayudha Puja, na kila fundi hutaka vyombo vyake vyote viwekwe mbele ya mungu vibarikiwe. Nimemwapia itarudi.

Alhamisi, 10 Oktoba
Mkaguzi kaahirisha! Sasa ni Jumatatu, sikukuu zikishapita. Nimelaani mpaka koo likakauka. Kisha wazo likaja lenyewe.

Nimeiosha mashine, nikaipaka liwa na unga mwekundu, nene hasa pale kwenye kibao chenye jina la Ekambaram. Nikaiweka mbele ya picha ya mungu wa kike Saraswati, pamoja na nyundo na misumeno yangu. Chombo kikishakaa pale hakiguswi mpaka sikukuu iishe. Shemeji alifika jioni na mkokoteni wake, akaiona pale. Akaniita mshenzi, lakini kwa sauti ya chini, maana alikuwa mbele ya mungu. Nimelala kwa raha.

Ijumaa, 11 Oktoba
Ayudha Puja. Maua, ubani, bisi za mchele, majirani wote. Nilitanguliza mbele helmeti yangu bora, ya buluu. Nikainua nazi niipasue jiweni. Mikono ilikuwa na mafuta ya taa ya ibada. Nazi ikachomoka, ikatua juu ya helmeti.

Helmeti ikapasuka vipande viwili. Nazi ikabaki nzima!

Ekambaram akadakia: "Jamani, si bora tuvae nazi?" Mama mkwe alicheka mpaka akafuta machozi. Nikasema ile moja ilipigwa sana na jua. Ukweli ni kwamba gamba ni plastiki ya ndoo kuukuu, na ndani naweka yale mapovu meupe yanayokuja na televisheni. Lakini kwa macho inapendeza, nani abishe?

Jumamosi, 12 Oktoba
Ekambaram kaja na sinia: kitambaa cha hariri, ndizi, tambuu, na helmeti nyekundu yenye alama. Vyote vya binti yangu Kayal, aendaye chuoni kwa skuta. Zawadi ya mjomba haikataliwi, hata ningetaka. Akamwambia, "Mwanangu, kichwa unacho kimoja tu." Akawa ananitazama mimi.

Kayal akaivaa papo hapo, akajiangalia kwenye kioo, akacheka. Yangu huivaa kwa kununa, na akikata kona tu anaivua. Iliniuma. Mtoto ni wangu, jamani.

Jumapili, 13 Oktoba
Sikukuu imeisha, Ekambaram anataka mashine yake. Nimemwambia ufunguo wa karakana umepotea. Uko mfukoni.

Wazo kubwa kuliko yote! Kayal alipolala mchana nimeichukua ile helmeti nyekundu, nikaipaka rangi ya buluu, hata alama ikafunikwa, nikabandika jina langu. Kesho mkaguzi atapima hii. Haivunjiki hata kwa tembo. Kayal nimemwambia ya mjomba iko hekaluni inaombewa, avae yangu. Kwa siku moja tu.

Jumatatu, 14 Oktoba
Mkaguzi ni Bi Poongodi, mama mfupi asiyenywa hata kahawa ya watu. Nikamkabidhi ile ya buluu kwa mikono miwili. Akaiweka kando, akasema sampuli huwa anachagua mwenyewe, akachomoa nyingine chini kabisa ya rundo. Akafuta liwa kwenye kibao kwa leso yake, akasoma. Akasema mashine hii anaijua, na mwenyewe si mimi. Hata hivyo akaiachia helmeti ianguke. Vipande vilimfikia Valli mlangoni.

Kisha simu ikalia, habari za Kayal. Ng'ombe kasimama katikati ya barabara karibu na daraja, mtoto kashika breki, kaanguka.

Naandika nikiwa hospitalini. Kashonwa kichwa, nywele za upande mmoja zimenyolewa. Daktari anasema atapona, na kwamba ni bahati, si helmeti. Ekambaram alifika kabla yangu. Alinipakatisha vipande viwili vya buluu, helmeti yangu aliyokuwa ameivaa Kayal, akarudi kukaa na dada yake.

Kayal alipoamka aliuliza, "Baba, ile ya mjomba iko wapi?" Nikasema hekaluni. Akageukia ukutani.

Alhamisi, 17 Oktoba
Valli na Kayal wamehamia kwa Ekambaram. Wameondoka na mito yao. Mashine imerudi kwa mwenyewe, karakana yangu imepigwa lakiri. Nyumba kimya, najipikia wali na unaungua.

Nimefikiri sana kosa liko wapi. Ni la ng'ombe. Na la Bi Poongodi, angepokea alichopewa hivi sasa ningekuwa na alama.

Helmeti ya mjomba bado iko rafuni, haina hata mkwaruzo. Leo nimekwangua rangi taratibu kwa wembe, na alama ikajitokeza, safi kabisa. Nikaipeleka kwa mchapaji wa stika. Anasema ataiiga alama ilivyo, hata mkaguzi hatajua. Nimeagiza mia tano. Plastiki ipo, mapovu yapo, nitaanzia jikoni.

Ya kwanza ni ya Kayal. Nitaipaka nyekundu, rangi anayoipenda, na alama nitambandikia mimi mwenyewe. Ajue kwamba babake naye anamjali.