Vikombe Kumi na Viwili

Jumatatu, 3 Juni 2024
Kiwanda kimoja cha chai Njombe kinatafuta msaidizi wa mwonja chai. Nafasi moja. Usaili Ijumaa. Nikiipata, naagana na kuuza viazi stendi ya Makambako kwenye upepo huu. Jirani yangu wa meza, Scolastika, naye kaomba. Kachuma chai miaka tisa, Kiingereza chake kinaishia “good morning”. Nimemhurumia. Kidogo.

Jumanne, 4 Juni
Nimewagundua Waingereza. Sisi tunasikia kila kitu: kelele, harufu, njaa, baridi. Wao wamegawa kazi kama idara. “Hear”, sauti inakujia yenyewe, “listen”, unaifuata. “See”, kitu kinakupita machoni, “look”, unakigeukia, “watch”, unakaa nacho mpaka kiishe. “Smell” ni ya pua, “taste” ya ulimi. Kurasa nne tayari. Scolastika kauliza naandika nini. Nimemwambia barua ya shangazi.

Alhamisi, 6 Juni
Nimemshauri Scolastika kesho anywe kimya, kwa adabu, na asibakize. Kacheka. Kasema, Mwalimu (ndivyo wanavyoniita stendi), kwani tunakwenda kuposa? Basi. Asiyeshaurika haokoleki.

Ijumaa, 7 Juni
Vikombe kumi na viwili mezani, ndoo chini. Mzee Kristofa, mwonja chai mwenyewe, akasema tuonje, tumwambie. Scolastika akavuta chai ya kijiko kwa kelele kama pampu, akatema ndooni. Chai ya mwenyeji! Kwetu hilo ni tusi la ukoo mzima. Nikajua kazi ni yangu. Mimi nikanywa kistaarabu, kikombe baada ya kikombe, vyote kumi na viwili, nikashukuru.

Mzee akauliza nimeonja nini. Nikamfafanulia “taste” na “smell”, dakika sita, Kiingereza kitupu. Akasema vizuri, ila cha saba kina nini? Nikasema kina joto. Scolastika akasema, kwa Kiswahili, majani ya cha saba yalilala kwenye gunia, na cha tisa kimeshika moshi. Mzee akampa koti jeupe palepale. Mimi nikaomba kuelekezwa choo.

Jumapili, 9 Juni
Scolastika kanisubiri nje ya kanisa. Kasema, kaka, mwezi ujao wanaongeza mtu, njoo nikufundishe kutema kama waonja chai. Nimemjibu sikulelewa hivyo.

Kosa langu naliona: dakika sita zilikuwa chache. Nimeanza “touch” na “feel”, kurasa kumi na moja hadi sasa. Halafu vile vikombe vyao ni vidogo mno. Safari ijayo nabeba changu.