Mishale ya Harusi ya Darmi

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Leo nimetangaza rasmi: harusi ya binti yetu Darmi nitaipanga mimi. Chakula, maji, njia za wageni, kila kitu. Abdia, mke wangu, aliuliza kwani nani amelalamika. Swali la ajabu! Maisha yangu yote nimekuwa mhandisi wa viwanda, kule Mombasa, kwenye kiwanda cha sabuni. Kazi yangu ilikuwa kupanga mashine na watu, mzigo uingie huku utokee kule, usirudi nyuma. Sasa nimestaafu, niko Garsen, sina hata mtu mmoja wa kumpanga.

Abdia amemlea mtoto huyu mimi nikija Idi kwa Idi. Nataka nimfanyie kitu kimoja kikubwa kabla hajaondoka. Darmi alisema sawa baba. Alimtazama mamake kwanza, lakini alisema.

Shemeji Roba, kakake Abdia, amenuna. Yeye ndiye husimamia sherehe zote za ukoo. Utaratibu wake ni kukaa kwenye kiti na kupiga kelele.

Jumatano, 6 Agosti

Uwanja umekamilika. Kamba pande zote mbili, mishale ya chokaa chini. Mgeni anaingia langoni, ananawa kwenye tangi, anapita jikoni kuchukua sahani, anatokea kwenye hema. Njia moja kwa watu wote. Nyembamba, makusudi, asisimame mtu kupiga soga.

Mbuzi wa jirani wakaingia. Walifuata mishale hadi jikoni, wakala unga wa mahamri. Roba alicheka mpaka akakaa chini. Haelewi! Mbuzi hawajui kusoma na wamefika.

Abdia alisema kuna jambo hapo kwenye njia ya jikoni. Nikamwambia atulie, yote yamo kwenye mchoro. Alinitazama, akaenda kuchuja maziwa.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimempigia simu Jibril, bwana harusi. Kijana wa Bura, anashughulika na mifereji ya kumwagilia mashamba. Nikampa sheria moja: fuata mshale, usigeuke nyuma hata iweje. Akasema ndiyo baba. Nampenda sana. Mtu wa mifereji anaelewa.

Jumapili, 10 Agosti

Ya Rabi!

Mwanzo wa harusi ulikuwa mtamu. Watu wanaingia, wananawa, wanatokea. Roba kiti chake kimekosa kazi. Nikasimama juu ya kreti la soda nikijisikia waziri.

Kisha akaingia Jibril, kanzu nyeupe, marafiki zake wakimsukuma kwa nyuma. Akafuata mshale. Akapita tangi. Akapinda kona ya jikoni. Abdia naye anatoka jikoni na sinia la pilau. Uso kwa uso!

Kwetu sisi Waorma mkwe na mama mkwe hawaonani hivyo. Hata mtoto mdogo analijua hilo. Mimi pia nalijua! Ila kule kiwanda cha sabuni hakukuwa na mama mkwe.

Nafasi ya kurudi hakuna. Hilo nililihakikisha mwenyewe. Abdia aliinua sinia kuficha uso, pilau yote ikamshukia Jibril. Kijana akapiga mbizi chini ya kamba, akajificha nyuma ya tangi, akakataa kutoka. Wazee wake wakainuka, wakaelekea kwenye magari. Ndani Darmi akaanza kulia. Nilimsikia. Nilitaka kumfanyia kitu kikubwa, na sasa nimemkosesha mume mbele ya Garsen nzima.

Roba akawakimbilia wazee, akawashika mikono, akawaomba wasubiri kidogo tu. Abdia akajifunika leso kichwa kizima, akaenda kusimama upande wa pili wa tangi.

“Jibril mwanangu,” akasema, “mimi moshi uliniingia machoni, sikuona mtu. Wewe uliona nini?”

Sauti ndogo ikatoka nyuma ya tangi.

“Niliona wali, mama.”

Mzee mmoja akajaribu kuzuia kicheko, akashindwa. Wakacheka wote, wakarudi kukaa. Darmi akatoka na macho mekundu, anacheka. Roba akaleta kiti chake, akaanza kupiga kelele. Sikumzuia.

Jumanne, 12 Agosti

Maharusi wamekwenda Bura. Nyumba kimya. Abdia alikuwa akikunja nguo alizoacha Darmi, nikashika upande wa pili wa shuka. Hakunigombeza. Alisema angekuwa peke yake leo angelia, anashukuru nipo. Mimi ndiye niliyelia. Akaomba kitu kimoja tu: mambo ya nyumba hii niyaache yalivyo. Nikamwapia, kwa moyo mweupe kabisa. Namna ninavyompenda mwanamke huyu, angeomba lolote.

Jioni Darmi akapiga simu. Mwezi ujao wanakuja kututembelea, yeye na Jibril, watalala hapa hapa.

Nimefikiri sana. Kosa halikuwa mishale. Kosa ni kwamba njia ilikuwa moja! Zinatakiwa mbili, moja ya Jibril, moja ya Abdia. Abdia akilala nitachora. Zitakutana mahali pamoja tu, mlangoni pa choo, na hapo kuna hatari gani?