Mama Mkwe Anakuja Jumapili

Jumatatu, tarehe 10 Juni

Siku ya kwanza ya maisha mapya. Ile ya kwanza kabisa ilikuwa Februari, lakini ile nililia tu. Ya pili ilikuwa Pasaka, nikaumwa tumbo. Hii ndiyo yenyewe.

Nimekata nywele. Msusi aliniapia kwamba mwanamke aliyeachana na mwanaume akikata nywele, watu wanamwona mpya. Nimejiangalia kwenye kioo. Nimekuwa kaka yangu Delphin. Colombe, mutoto wangu wa miaka mitano, ameniangalia muda mrefu, halafu akaniuliza kwa heshima kama zitarudi.

Sambaza zangu, samaki wadogo wa ziwani, zote zimeisha sokoni kabla ya mchana. Nimepanda kurudi kwetu Bagira nikiimba. Simu ikalia: Guylain, baba ya Colombe. Nikaacha kuimba.

Amesema mama yake, Maman Micheline, mjane wa siku nyingi, anashuka kutoka Kavumu Jumapili. Anakuja kuona mutoto anaishi namna gani. Akikuta anaishi vibaya, anamchukua akakae naye. Nikauliza vibaya ni vipi. Akasema Maman atajua akiona. Nikamwambia Colombe haendi popote. Akasema basi niongee na Maman, na akakata.

Ndivyo alivyo. Hata kuniacha, aliniacha kwa simu, akiwa Luhwindja kwenye machimbo ya dhahabu. Alisema anaomba kupumzika kidogo na ndoa. Sasa anapumzika Kavumu, kwa mama yake, na msichana anayeitwa Ornella.

Nimeiangalia nyumba yangu kwa macho ya Maman Micheline. Kitanda kimoja. Kigoda kimoja. Bidoni ya njano ya kuchotea maji, tunayompa mgeni akalie. Harufu ya samaki. Nimekaa juu ya bidoni nikafikiri. Nikiwa yeye, hata mimi ningemchukua.

Jumanne, tarehe 11 Juni

Nimepata akili! Imekuja nikiwa ninapanga sambaza.

Shirika. Sisi Wakatoliki wa mtaa huu tunasali pamoja kila Jumamosi, nyumba kwa nyumba, kwa zamu. Na kwa kuwa hakuna mwenye viti vya kutosha watu wote, kila mtu anakuja na chake kichwani. Shirika ikisali kwangu Jumamosi hii, salon yangu, pale pa kupokelea wageni, itajaa viti vya plastiki bila mimi kuomba hata kimoja. Nitatafuta sababu vilale hapa. Jumapili Maman Micheline ataingia, atakuta nyumba ya mtu aliyefaulu.

Tatizo: zamu ni ya Maman Eulalie. Huyu ni jirani yangu wa ukuta, na sokoni pia tunauza sambaza bega kwa bega. Beseni lake linajaa juu kama kilima. Amekuwa akipaka chokaa nyumba yake tangu Pasaka kwa ajili ya zamu hii.

Nimekwenda kwa Papa Floribert, rais wa shirika. Ana sauti ya pole inayomfanya mtu akubali makosa ambayo hata hajafanya. Nimemwomba anibadilishie zamu. Akauliza sababu. Nilikuwa nimeandaa kusema nina nia ya pekee ya kuombewa. Kinywa changu kikasema kwamba mama mkwe anakuja, kwamba ninataka kurudiana na baba ya mutoto wangu, na kwamba ingefaa kwanza nyumba isaliwe.

Papa Floribert amefunga macho. Amenishika mikono yote miwili. Amesema tangu Februari anatuombea kila asubuhi, mimi na Guylain, kwa majina.

Niliona haya mpaka nilipofika kwenye kona. Baada ya kona nikaanza kuhesabu viti.

Jumatano, tarehe 12 Juni

Maman Eulalie hanisalimii. Anamsalimia Colombe, halafu anamtuma anipelekee salamu, na mimi nimesimama pale pale. Sokoni amewaambia wanunuzi kwamba siku hizi kuna sambaza zinazolala, za jana zinauzwa leo. Zangu zililala kweli, lakini yeye alijuaje?

Jioni nimeosha nyumba nzima na ndimu ili kuondoa harufu. Sasa inanuka sambaza zenye ndimu, yaani chakula. Paka wa jirani ameingia, amekaa katikati ya nyumba, anangoja kuandaliwa sahani.

Halafu nimemfundisha Colombe. Nimemwambia tate wake, mama ya baba yake, akimuuliza anakula nini, ajibu kwamba anakula nyama mara kwa mara. Akauliza mara kwa mara ni lini. Nikamwambia aseme tu. Akasema: "Ninakula nyama mara kwa mara, Noeli." Tumerudia mpaka ameanza kusinzia. Noeli imekataa kutoka.

Amelala sasa. Anajigeuza sana usiku, kitanda ni chembamba, namshika mguu asianguke. Ninaandika kwa mkono mmoja. Mutoto huyu haendi Kavumu.

Ijumaa, tarehe 14 Juni

Papa Floribert amepita asubuhi akiwa na furaha ya mtu aliyebeba zawadi. Ametafakari. Jambo kubwa kama hili halifai kufanyika wakati wahusika hawapo. Kwa hiyo shirika haitakuwa Jumamosi, itakuwa Jumapili yenyewe, baada ya misa, ili wote washuhudie nikirudiana na mume wangu. Na ametafuta namba ya Guylain, amempigia. Guylain naye anakuja.

Nimeuliza Guylain alijibu nini. Papa Floribert amesema alinyamaza muda mrefu, na kwamba katika kunyamaza kule alisikia neema ikifanya kazi. Mimi kunyamaza kwa Guylain ninakujua. Huwa anatafuta mahali pa kukalia.

Hapo ndipo nilipaswa kusema ukweli. Mlango ulikuwa wazi, hakukuwa na mtu mwingine, na Papa Floribert ni mpole. Nikasema: "Aksanti, Papa."

Sababu: viti bado vitakuja.

Jumamosi, tarehe 15 Juni

Maman Eulalie amebisha hodi. Nilijiandaa kwa vita. Ameingia, amenikumbatia, amelia kwenye bega langu. Amesema amenisamehe mambo ya zamu. Yeye mwenyewe ni mwanamke, anajua baridi ya kitanda. Ameleta kitambaa cha meza, kile cheupe cha kroshe alichokuwa anakitunza kwa zamu yake, na kesho atapika sombe, majani ya mihogo, kwa ajili ya bwana na bibi.

Afadhali angeendelea kusema sambaza zangu zinalala.

Jumapili, tarehe 16 Juni

Andika yote, Francine. Usiruke.

Viti vilifika. Ndivyo nilivyotaka, na vilikuwa vizuri, vya bluu na vya kijani. Nilichosahau, na kila mtu Bagira anakijua, ni kwamba hapa mtu haachi kiti chake kitembee bila jina. Nyuma ya kila kimoja kuna rangi: FAM. FLORIBERT. MAMAN EULALIE. PROF. J.-BAPTISTE. Kingine kimeandikwa: RUDISHA.

Maman Micheline aliingia na kitenge chake cha misa na begi kubwa tupu mkononi. Tupu. Nililiona kabla sijamwona yeye. Nyuma yake Guylain, na miwani ya jua, ndani ya nyumba isiyo na taa.

Mama mkwe hakusalimia. Alizunguka viti polepole akisoma migongo yao kwa sauti, kama anaita watoto darasani. Alipomaliza aliniuliza: "Na chako ni kipi, mutoto yangu?" Nilimwonyesha bidoni. Akaenda akaikalia, na begi juu ya magoti.

Papa Floribert aliweka viti viwili mbele, cha mume na cha mke. Tukakaa. Waliimba. Maman Eulalie aliimba kuliko wote, Colombe akiwa mapajani pake anakula andazi la beignet. Kisha Papa Floribert akatuomba tushikane mikono, na akamuuliza Guylain kama yuko tayari.

Nilikuwa ninategemea akatae. Ilikuwa tumaini langu la mwisho: akatae yeye, mimi nilie kidogo, watu wanihurumie, mama yake aone haya kunichukulia na mutoto. Mpango mzuri sana.

Guylain akavua miwani. "Miye sina shida," akasema. "Kama ananirudisha, narudi tu. Ule Ornella alikuwa mugeni."

Vigelegele. Maman Eulalie akapiga vya kwake karibu na sikio langu.

Maman Micheline aliinua mkono, kukawa kimya. Alisema yeye ni mutu wa maneno mafupi. "Mukirudiana, mutoto anabaki na baba na mama yake. Hamurudiane, leo anapanda na miye Kavumu. Ngombe zetu za mahari ziliingia kwenu, mutoto ni wa kwetu." Alifungua zipu ya begi ili tuelewe.

Watu wote wakaniangalia. Neno moja tu lilihitajika. Ningesema ndiyo, Colombe angebaki, na Guylain naye angebaki, na simu yake, na kupumzika kwake. Nilimwangalia Colombe. Sukari ilikuwa imemjaa mpaka kwenye nyusi. Aliniangalia kama anavyoniangalia nikichelewa kuzima jiko.

Nikaachia mkono wa Guylain, nikasimama.

Nikasema nilidanganya. Nilisema sikutaka kurudiana na mtu, nilitaka viti, ili tate ya Colombe akute pa kukaa. Nilimwomba Papa Floribert msamaha. Nilimwomba Maman Eulalie msamaha, zamu ilikuwa yake. Halafu nikamgeukia Maman Micheline. Nikamwambia ninamheshimu, ngombe ninazijua, nilizipokea nikiwa nimevaa vizuri. "Lakini kwa Guylain sirudi, Maman. Na Colombe haendi."

Papa Floribert alifunga macho, safari hii kwa namna nyingine.

"Viti?" akauliza Maman Eulalie. "Nimelia sababu ya viti?"

Nyuma mtu akacheka. Papa Jean-Baptiste, mwalimu mustaafu, mjane. Alijaribu kukificha kicheko kwenye leso, kikatokea puani.

Maman Micheline hakucheka. Alimwita Colombe, akaweka begi chini, akamsimamisha kati ya magoti yake. Akamuuliza anakula nini hapa. Mutoto wangu alinyoosha mgongo, akasema kwa sauti ya shule: "Ninakula nyama mara kwa mara, Noeli."

Nikatamani ardhi inimeze.

Akamuuliza na analala wapi. Hilo sikuwa nimemfundisha. Colombe alifikiri. "Pa ukuta. Maman iko ananikamata muguu, nisianguke. Hata yeye akilala, haachilie."

Maman Micheline alimgeukia Guylain. Akamuuliza yeye mara ya mwisho kumshika mutoto huyu mguu ilikuwa lini. Guylain alivaa miwani.

Mama mkwe akafunga zipu. "Basi. Anabaki."

Nilipiga magoti chini, sikupanga, yalijipiga. Nilimshukuru. Akanipiga piga kichwani, kwenye nywele hizi za Delphin, akasema ninyamaze, hajamaliza.

"Na miye nabaki," akasema. "Nione kwa macho yangu. Kwa mwanamuke wa kudanganya hivi, mutu hawezi kusikia habari akiwa mbali."

Nikauliza atabaki mpaka lini. Akauliza bafu iko wapi.

Kila mtu aliondoka na kiti chake kichwani. Maman Eulalie alivuta kitambaa chake kutoka chini ya sahani za sombe, mimi nikiwa bado ninakula. Guylain alirudi Kavumu peke yake. Njiani amenitumia ujumbe kuuliza mama yake huwa anaficha wapi ufunguo wa jikoni.

Jumatano, tarehe 19 Juni

Maman Micheline analala kitandani. Mimi na Colombe tuko kwenye mkeka, angalau hapa hakuna pa kuanguka.

Amehamisha jiko. Amerudia kuosha vyombo nilivyoosha. Ameonja bugali yangu, akauliza kama nina homa. Leo amekuja na mimi sokoni, eti kuona tu. Wanunuzi wanamwita "Maman" na wanamchagua yeye, mimi nikiwa nyuma nashika mifuko. Kufika mchana alikuwa amekaa na Maman Eulalie, wanachekeana. Nilisikia neno "viti."

Colombe anampenda. Sasa anajua hadithi tatu za Kavumu, na katika zote kuna msichana mjinga anayefanana na mimi.

Alhamisi, tarehe 20 Juni

Siku ya kwanza ya maisha mapya, kweli kabisa.

Nimekwenda kwa Papa Floribert kuomba msamaha vizuri, bila watu. Amenipa kazi ya kufagia kanisa mwezi mzima. Ameniuliza kama nimejifunza. Nimeweka mkono kifuani. Nimemwahidi kwamba uongo umekwisha, hata ule mdogo, hata ule wa sokoni. Alifurahi. Mimi pia nilifurahi, nilitoka mwepesi kama mtu aliyetoka kuoga.

Kwenye njia nimekutana na Papa Jean-Baptiste akirudi na mkate wake. Mkate mmoja, maskini. Ana nyumba ya matofali, vyumba vitatu, bustani ya maharage, na tangu mke wake afariki hakuna anayeongea mle ndani isipokuwa redio. Ameuliza kwa adabu kama mama mkwe wangu anaendelea vizuri.

Nimesimama. Nimeiangalia nyumba yake, nikaangalia yangu, nikapima umbali. Colombe angeweza kwenda kumsalimia tate kila siku na kurudi kulala.

Nimemwambia Papa Jean-Baptiste kwamba Maman Micheline anaendelea vizuri, na kwamba jana aliniuliza yule mwalimu mwenye kicheko kizuri anaishi na nani.

Hakuuliza. Lakini amesimama na mkate wake, ameshika kola ya shati, ameniomba nirudie.

Nimerudia.

Jioni hii, tukikaa kula, nitamwambia Maman Micheline kwamba Papa Jean-Baptiste ndiye aliyeanza kuuliza.